Mwongozo kamili: jinsi ya kuangalia opera ya Verdi, La traviata, mpaka mwisho bila kuzima katikati

Kila nikimshauri mtu aangalie La traviata majibu yanayorudi ni yale yale. Kaanza vizuri, ule wimbo wa kuinua glasi kaupenda, mdada akapandisha sauti mpaka juu kabisa, safi, halafu ikaja nyumba ya shamba, akaingia mzee mmoja mwenye koti, wakaanza kuimbiana yeye na yule mdada, dakika tano, kumi, kumi na tano, basi mtu akazima. Wengine wamerudia mara ya pili na wamezima palepale.

Shida haipo kwenye masikio yenu, wala haipo kwenye Kitaliano. Mnafika kwa yule mzee hamjui amekuja kudai nini, na hamjui mtunzi mwenyewe alikuwa anaishi maisha gani wakati anaiandika, na ile sehemu mnayoizima ndo nguzo ya opera nzima. Ukiiruka, kinachobaki ni nyimbo tatu nzuri na mgonjwa mmoja.

Historia ya opera kwa ujumla nimeiweka pembeni. Nimebakiza ile inayokusaidia kuvuka, na nimeipanga pale utakapoihitaji.

## Vitu vya kuwa navyo

Rekodi moja nzima ya video yenye sabtaito. Video, sio audio peke yake, maana mara ya kwanza lazima uone sura za watu. Na iwe nzima, mikusanyo ya "nyimbo bora" ndo imewaharibu wengi. Nzuri kwa anayeanza ni ile ya Royal Opera House ya London ya 1994, Angela Gheorghiu akiwa Violetta na Georg Solti akiongoza orkestra, mavazi ni ya karne ya 19 na unaelewa mara moja nani ni nani. Ile ya Salzburg ya 2005 ya Anna Netrebko na Rolando Villazón ni kali sana, jukwaa tupu, saa kubwa na gauni jekundu, ila inadhania hadithi unaijua tayari, kwa hiyo iwe ya pili. OperaVision, tovuti ya opera, nao huwa wanaweka opera nzima bure mtandaoni, cheki kama kwa wakati huo wana La traviata.

Libreto, yaani maneno yote yanayoimbwa. Aliyaandika Francesco Maria Piave, hakimiliki imeisha zamani, kwa hiyo unayapata bure, tafuta yenye Kitaliano upande mmoja na lugha unayoisoma upande mwingine. Usitegemee ya Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa kitakutosha.

Hedfoni au spika ya maana. Spika ya simu haifai kabisa, opera hii inaanza na fidla zinazolia kwa sauti ndogo mno, kwenye simu utadhani video imegoma.

Muda. Muziki wenyewe ni kama saa mbili na robo. Ukiweza, usiku mmoja. Ukishindwa, gawa usiku mbili, na pa kukata nitakuonyesha kwenye hatua ya 7, usikate unapojisikia.

Bando la kutosha, au ipakue kabisa mapema kwenye Wi-Fi. Video ikianza kuzunguka katikati ya sehemu ya tatu utaichukia bure.

## Hatua ya 1: Soma hadithi yote, hata mwisho wake

Najua hampendi kuharibiwa utamu. Ila opera haifichi nani anakufa, hii hasa muziki wa kifo unaanza nao sekunde ya kwanza kabisa. Ukiijua hadithi macho yanatoka kwenye sabtaito na kuwaangalia watu.

Ipo hivi. Paris, karne ya 19. Violetta Valéry anatunzwa na mabwana wenye hela, kwa lugha ya vijiweni anadanga, tena kwa daraja la juu: nyumba, farasi, karamu mpaka alfajiri. Ana kifua kikuu na anajua. Kijana wa familia ya heshima kutoka Provence, Alfredo Germont, anampenda kweli kweli, na Violetta baada ya kujibishana na nafsi yake anaacha kila kitu wanahamia shamba nje ya Paris. Huko ni Violetta anayeuza mali zake kimya kimya ili wale, Alfredo hana habari.

Siku Alfredo anaambiwa ukweli anakimbilia mjini kutafuta hela, na nyuma anaingia baba yake. Mzee anataka Violetta amwache kijana, kwa sababu dada yake Alfredo ana mchumba na upande wa mchumba watavunja ndoa kama kaka mtu ataendelea kuishi na mwanamke wa aina ile. Violetta anakubali. Anaondoka bila kumwambia Alfredo sababu, anarudi kwa bwana wake wa zamani Baron Douphol, Alfredo anamfuata kwenye karamu na kumdhalilisha mbele za watu. Mwezi mmoja hivi baadaye Violetta yupo kitandani, hela imeisha, mzee ametubu, Alfredo anarudi, na Violetta anafia mikononi mwao.

Majina mengine ya kushika ni machache tu: Flora shoga yake, Annina msaidizi wake wa nyumbani, na daktari Grenvil.

Umefaulu kama unaweza kumsimulia mtu bila kuangalia popote, na akakuuliza "sasa huyo mzee alikuwa na haki gani?" Swali hilo libebe mpaka hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Mjue Verdi, mambo manne yanatosha

Usisome wasifu mzima sasa hivi, utachoka kabla hujaangalia chochote.

La kwanza, hakutoka kwenye ukoo wowote wa maana. Giuseppe Verdi alizaliwa Oktoba 1813 Le Roncole, kijiji karibu na mji mdogo wa Busseto, baba yake aliendesha nyumba ya wageni inayouza pombe. Mfanyabiashara wa Busseto, Antonio Barezzi, akaona kipaji akamlipia masomo. Mwaka 1832 akaomba kuingia konsavatori, chuo cha muziki, ya Milan wakamkataa, umri umezidi, sio mwenyeji, na mikono yake kwenye piano haijakaa sawa. Alisoma kwa mwalimu wa nje.

La pili, alizika familia nzima. Alimuoa Margherita, binti wa Barezzi, mwaka 1836. Mtoto wao Virginia akafariki 1838, Icilio akafariki 1839, na Margherita mwenyewe Juni 1840. Verdi alikuwa na miaka 26, na kwenye mkataba alikuwa anadaiwa opera ya kuchekesha, akaimalizia, ikapanda jukwaani La Scala, ukumbi wa opera wa Milan, Septemba ile ile ikazomewa. Kwa hiyo ukifika sehemu ya tatu, kwenye chumba cha mgonjwa, kumbuka hiki chumba aliyekiandika ameshakikalia.

La tatu ndo kubwa. Opera iliyomfufua ni Nabucco, La Scala, 9 Machi 1842, na mmoja wa waimbaji wake wakuu alikuwa soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, Giuseppina Strepponi. Giuseppina alikuwa ameshazaa nje ya ndoa, sauti yake imechoka kwa kazi, na mji unamsema. Kuanzia 1847 wakawa pamoja Paris, na mwaka 1849 Verdi akamleta Busseto, kwenye mji ambao kila mtu alimjua marehemu Margherita na ambako baba yake Margherita bado anaishi, na ndoa hakuna. Mji mdogo unaujua mwenyewe. Walimtenga mama wa watu, hadi wakahamia shambani Sant'Agata mwaka 1851.

Barezzi naye, mzee aliyekuwa kwa Verdi ni baba hasa, akaonyesha kukereka, na tarehe 21 Januari 1852 Verdi akamwandikia barua kutoka Paris, ya heshima ila haina magoti ndani yake: nyumbani kwangu anaishi mwanamke huru, ana chake cha kumtosha, na mimi wala yeye hatudaiwi maelezo na mtu yeyote. Walikuja kufunga ndoa mwaka 1859, kimya kimya, kwenye kijiji huko Savoy.

Hapa onyo: usiende kumwambia mtu kwamba Violetta ndo Giuseppina. Giuseppina aliishi kwa koo lake, alikuwa msanii analipwa kwenye majukwaa makubwa, hakuwa anatunzwa na mabaroni. Kinachofanana ni mlango unaobishwa hodi, na mtu mzima mwenye adabu zake anaingia kukuambia maisha yako yanaiharibia familia jina. Mtu huyo Verdi alikuwa anamfahamu vizuri sana, na alikuwa anampenda, ndo maana mzee Germont kwenye opera hakuandikwa kama shetani.

La nne, alikuwa na haraka ya ajabu. Il trovatore ilifunguliwa Roma 19 Januari 1853, La traviata ikafunguliwa Venice 6 Machi 1853, wiki saba hazijatimia, na ndani ya majira ya baridi yale alikuwa anazipika zote mbili.

Barezzi, kwa wanaotaka kujua, alikuja kumpenda Giuseppina baadaye.

## Hatua ya 3: Mjue mwanamke halisi aliye nyuma ya hadithi

Fupi hii. Alizaliwa Normandy mwaka 1824, jina Alphonsine Plessis, maskini wa kutupwa. Paris akajiita Marie Duplessis, akajifunza kusoma, kupiga piano na kukaa na watu wakubwa, na akawa ndo gumzo la mji. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 3 Februari 1847, miaka 23. Mmoja wa wapenzi wake wa zamani, Alexandre Dumas mtoto, yaani mwana wa yule mwandishi Dumas, akaandika riwaya juu yake mwaka 1848, kisha akaigeuza tamthilia iliyofunguliwa Paris Februari 1852. Verdi na Giuseppina walikuwa Paris majira yale.

Vuli ya mwaka ule Verdi anadaiwa opera na ukumbi wa La Fenice wa Venice, hadithi hana, akaichukua hii. Alimwandikia rafiki yake wa Napoli kuwa ni kisa cha zama zetu wenyewe, na alitaka waimbaji wavae nguo za siku zile zile, zinazofanana na za waliokaa kwenye viti. Akakataliwa. Jina la mwanzo lilikuwa Amore e morte, mapenzi na kifo, likageuzwa kuwa La traviata, aliyepotoka, na hadithi ikasukumwa nyuma hadi karibu mwaka 1700, wigi na yote.

Kwa nini nakusumbua na hili? Kwa sababu ukiangalia rekodi yenye nguo za kisasa mtu atakuambia wameivuruga opera ya Verdi. Mwambie Verdi mwenyewe ndo alitaka hivo.

## Hatua ya 4: Sikiliza utangulizi mara mbili kabla hujaendelea

Utangulizi wa orkestra ni kama dakika nne, pazia bado limefungwa. Kwenye video za jukwaani mara nyingi wanaonyesha orkestra au mtu anatembea tembea, usijali.

Mara ya kwanza funga macho. Utasikia fidla juu kabisa, nyembamba, zinasogea taratibu. Huo ni muziki wa ugonjwa, utausikia tena mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Kisha inashuka melodi pana, nzito, ya mapenzi. Hiyo ishike. Ipige mluzi, irekodi kwa sauti yako kwenye simu, fanya unachojua ila ikae kichwani.

Mara ya pili sikiliza melodi ile ile inaporudi chini kwenye selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na juu yake fidla zinachezacheza vitu vya karamu. Kicheko juu, maumivu chini, vyote kwa wakati mmoja.

Umefaulu kama unaweza kuimumunya melodi ile ukiwa jikoni. Ukiruka hatua hii, hatua ya 6 itakuwa nusu, na mtanirudia kusema mzee anachosha.

## Hatua ya 5: Sehemu ya kwanza, karamu

Hii haina shida, hamkwami hapa. Kama nusu saa tu. Nakupa vitu vitatu vya kukodolea macho.

Ule wimbo wa glasi, Libiamo, upo mapema mno, usije ukadhani ndo kilele. Unachopaswa kuangalia ni baada yake kidogo, wageni wakienda kucheza kwenye chumba cha pili Violetta anaishiwa nguvu anajiangalia kwenye kioo, anashtuka alivyopauka. Ndo Alfredo anamkuta hapo.

Alfredo anapotangaza mapenzi, sikiliza maneno Di quell'amor, mapenzi ambayo ni mapigo ya ulimwengu wote. Melodi hiyo nayo iweke akiba, itarudi mara kadhaa, na kwenye sehemu ya tatu itakuumiza.

Kisha wageni wote wanaondoka na Violetta anabaki peke yake, anaimba peke yake dakika nyingi. Kwanza anajiuliza, labda ndo huyu? Halafu anajicheka, upuuzi mtupu, mimi ni wa kuwa huru siku zote, na sauti inaanza kurukaruka kwa kasi. Hapo katikati ya majigambo sauti ya Alfredo inasikika kutoka nje, anaimba ile ile Di quell'amor, na mdada anaongeza mbio maana anajua ameshashikwa.

Onyo dogo kwa wanaopenda kulinganisha waimbaji: ile noti ya juu kabisa wanayomalizia wengi Verdi hakuiandika, ni mazoea ya waimbaji. Asiyeipiga hajashindwa, kwa hiyo msigombane.

## Hatua ya 6: Vuka kwa mzee Germont

Simama kwanza. Kunywa maji, nenda uani, rudi. Kuanzia mzee anapoingia mpaka Violetta anapokimbia nje usiguse simu.

Kama umewahi kuzima hapa jua kwamba una wenzako wa zamani sana. Usiku wa kwanza La Fenice, 6 Machi 1853, watu walishangilia sehemu ya kwanza, na kuanzia ya pili ndo ikaanza kuporomoka. Soprano Fanny Salvini-Donatelli alikuwa na umri wa miaka 38 na mwili wa kutosha, watu wakashindwa kuamini huyu anakufa kwa kifua kikuu, tenori, yule aliyeimba Alfredo, sauti ilikuwa imekauka, na Felice Varesi aliyeimba mzee, mtu aliyekuwa Macbeth wa kwanza na Rigoletto wa kwanza kwenye opera nyingine za Verdi, hakuridhika na nafasi aliyopewa. Kesho yake Verdi akamwandikia mwanafunzi wake Muzio mistari michache tu: La traviata jana usiku imeanguka, kosa ni langu au la waimbaji, muda utaamua.

Na alirudi mezani. Akarekebisha vipande kadhaa vya sehemu ya pili na ya tatu, na hili dueti, yaani wimbo wa wawili, la Violetta na mzee lilikuwa miongoni mwa alivyovigusa. Ikarudi jukwaani tarehe 6 Mei 1854, Venice ile ile, ukumbi mwingine wa San Benedetto, Maria Spezia akiimba Violetta, na safari hiyo ikapasua. Kwa hiyo unachokisikia ni kitu ambacho mwenyewe alikipima mara mbili.

Sasa namna ya kulisikiliza. Ni dakika 18 hivi mpaka 20, na kosa lenu ni kulichukua kama wimbo mmoja mrefu. Sio wimbo, ni mabishano yenye vituo, na kila kituo muziki unabadilika. Kama umekulia kwenye taarab ya zamani unajua wimbo wa robo saa haukimbizwi, unasubiri ubeti wenye mkuki. Hapa mikuki iko hivi:

Kituo cha kwanza, mzee anaingia na dharau. Anadhani amekuja kukutana na mchunaji. Violetta anamjibu: niko nyumbani kwangu na mimi ni mwanamke, bwana, kisha anamwonyesha karatasi za mali anazoziuza. Angalia uso wa mzee hapa, mwimbaji mzuri anabadilika papo hapo.

Kituo cha pili, Pura siccome un angelo, mzee anaelezea binti yake, msafi kama malaika. Melodi ni tamu, laini, ya kistaarabu, na hapo ndo ukatili wake ulipo.

Kituo cha tatu Violetta anadhani anaombwa aondoke kwa muda. Akigundua ni moja kwa moja, muziki unakatika pumzi, maneno yanatoka vipande vipande: hujui namna ninavyompenda, sina ndugu, ninaumwa. Mzee anarudi na hoja nyingine, ya kikatili kuliko zote, kwamba uzuri utaisha, mwanaume atachoka, na hakuna ndoa ya kanisani itakayowashikilia.

Kituo cha nne ndo mkuki. Dite alla giovine. Mwambie huyo binti mzuri na msafi kwamba kuna mwanamke mmoja alikuwa na mwale mmoja tu wa heri, na amemwachia yeye. Orkestra inapungua karibu iishe, sauti inakaa chini, polepole. Hapa ndo ameanguka. Sio pale anapofariki, ni hapa. Mzee anaanza kumwambia lia, lia, naye analia kweli nadhani, ila haki imeshachukuliwa.

Kituo cha mwisho anamwomba mzee amkumbatie kama binti yake. Fikiria.

Usizime, bado. Violetta anaandika barua ya kumwacha Alfredo, Alfredo anaingia kabla hajamaliza, Violetta anajifanya anacheka, analia, anacheka, na ghafla orkestra nzima inafunguka na ile melodi ya utangulizi uliyoikariri, Amami, Alfredo, nipende Alfredo kama ninavyokupenda. Ni kitu cha muda mfupi sana, haitimii dakika moja na nusu, na amekimbia.

Umefaulu kama vinyweleo vimesimama kabla hujasoma sabtaito. Havijasimama? Rudi hatua ya 4, siongei kwa mzaha, melodi ilikuwa haijakukaa.

## Hatua ya 7: Kata hapa kama unagawa usiku mbili

Mzee anabaki na Alfredo na kumwimbia Di Provenza, kumkumbusha bahari na ardhi ya kwao. Ni wimbo mzuri wa baritoni, sauti ya kiume ya kati, wengine wanaona mzee anabembeleza mno, mimi nauona unafaa, amevunja nyumba ya mtu sasa anajifanya mlezi.

Alfredo anaona mwaliko wa karamu ya Flora, anakimbia. Kata hapo. Watu wengi wanakata baada ya sehemu ya kwanza kwa vile pazia linashuka, halafu kesho yake wanaanza baridi na mzee, unajua yanayotokea.

Onyo: kwenye rekodi nyingi kuna kipande cha haraka cha Alfredo, na kingine cha mzee baada ya Di Provenza, vinakatwa kwa mazoea. Libreto yako ikikimbiana na video, sio kwamba umepotea.

## Hatua ya 8: Karamu ya Flora

Wanaingia waliovaa kama wapiga ramli, kisha wanaojifanya wapiganaji wa ng'ombe wa Madrid. Hapa unaruhusiwa kula. Verdi anakupumzisha makusudi.

Acha kula Alfredo anapokaa kwenye meza ya kamari. Chini ya mazungumzo orkestra inazungusha kitu kile kile, kidogo, cha wasiwasi, na Violetta katikati anajiombea mara tatu, Mungu wangu nihurumie. Alfredo anashinda hela za Baron. Kisha anaita watu wote, anamrushia Violetta zile hela, anasema mshuhudie kwamba nimeshamlipa.

Wote wanamgeukia kwa hasira, na mzee anaingia kumkaripia mwanae. Yeye anajua ukweli na ananyamaza. Huyu mzee bwana.

## Hatua ya 9: Sehemu ya tatu, weka libreto pembeni

Ni kama nusu saa na ukiwa umefanya hatua zote hauhitaji maneno mengi. Utangulizi unarudi na fidla zile za juu. Alfajiri, mji wa Paris upo kwenye kanivali, Violetta kitandani. Amebakiwa na luwi 20, sarafu za dhahabu, anamwambia Annina akawape maskini 10.

Kisha anachukua barua ya mzee na kuisoma kwa sauti ya kawaida. Haimbi, anasoma. Usidhani sauti imekatika. Chini yake fidla inapiga Di quell'amor kwa mbali sana, ndo hapo nilipokuambia itakuumiza. Mzee ameandika kuwa amemwambia Alfredo ukweli na atakuja. Violetta anamaliza kusoma, anasema neno moja, È tardi, umechelewa.

Addio del passato ina beti mbili, wengi wanaimba mmoja, ukisikia zote mbili umepata rekodi ya wakarimu. Alfredo anarudi wanapanga kuondoka Paris, Violetta anajaribu kuvaa nguo na hawezi kusimama. Mwishoni maumivu yanakatika ghafla, anasema ajabu, anainuka, anadhani amepona, anaanguka.

Umefaulu kama hukuangalia saa. Machozi sio lazima, watu wengine hawalii na wameelewa vizuri tu.

## Ukikwama bado

"Wanarudia rudia maneno." Ndiyo, makusudi. Mara ya kwanza unapata habari, za kufuata unapata hali ya moyo. Acha kusoma sabtaito inaporudia, angalia mikono ya mwimbaji.

"Mwimbaji ni mkubwa, haonekani mgonjwa." Umeshakaa kiti kimoja na wale wa Venice wa 1853. Sikiliza dakika kumi bila kuangalia, kisha fungua macho.

"Nimelala." Umeanza saa nne usiku baada ya kazi. Anza saa kumi jioni Jumapili.

"Nimemaliza, niende wapi?" Rigoletto ya 1851, kwa sababu nayo ina baba na binti na ni fupi. Kisha Aida, ambayo onyesho lake la kwanza lilikuwa Cairo 24 Desemba 1871 na Verdi hakusafiri kwenda kuliona. Falstaff iache kwanza, aliifungua mwaka 1893 akiwa na miaka 79, inakimbia mno na utani wake unataka uwe umeshazoea sauti yake, mpe opera tatu nne kabla ya hapo.